Maswali ya Wasomaji: Profesa Rattan Lal, Mabua na Kaboni ya Shambani

Wahariri, shikamooni. Niko kidato cha tano, tahasusi ya CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Mwalimu alimtaja Profesa Rattan Lal, mtoto wa mkulima aliyepata tuzo kubwa kwa kusomea udongo. Alipitia wapi?
*Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba. Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Karyal, Punjab Magharibi, ambako sasa ni Pakistan. Uhindi ilipogawanywa, familia yake ilikimbilia Rajaund, Haryana, ikaanza upya kwenye kishamba kidogo. Alipata shahada ya kwanza Ludhiana mwaka 1963, uzamili New Delhi mwaka 1965 na uzamivu Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1968. Baada ya muda mfupi Sydney, alifanya kazi katika IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, Ibadan, Nigeria, kuanzia 1970 hadi 1987, kisha akarudi Ohio State kufundisha. Mwaka 2020 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani, dola 250,000, akazielekeza kwenye utafiti.

Ubobezi wake ni fizikia ya udongo: maji yanavyopenya, hewa inavyopita, ardhi inavyoshindilika. Kwa hiyo usiipe kisogo hisabati.

Nasikia huyo profesa anasema tusilime. Msimu uliopita sikulima, niliacha mabua, nikapanda mahindi. Yakawa manjano na kudumaa. Kosa liko wapi?
*Mkulima, Mbozi*

Hoja yake haiishii kwenye kuacha jembe. Kule Ibadan alipima mmomonyoko kwenye miteremko ya asilimia 1, 5, 10 na 15. Kilichozuia udongo kuondoka ni matandazo, kiasi cha tani 4 hadi 6 kwa hekta. Tone la mvua likigonga udongo mtupu hupasua chembe zake, vumbi laini linaziba vitundu, maji yanashindwa kuzama, yanateremka yakibeba udongo. Kutolima bila matandazo mara nyingi ni hasara tupu.

Pima ulichonacho. Tengeneza fremu ya vijiti ya mita 1 kwa mita 1, itupe sehemu kumi shambani, kusanya mabua makavu yaliyomo na uyapime kwa mizani. Unatafuta wastani wa gramu 400 hadi 600. Shamba lililotoa gunia 10 kwa ekari huacha kama tani moja ya mabua au zaidi kidogo, yaani gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Ng'ombe wa jirani wakipita hapo, umebaki na nini? Ongezea majani makavu yasiyo na mbegu, au panda fiwi au mbaazi kati ya mistari.

Sasa manjano. Tazama majani ya chini: kama umanjano unaanzia ncha na kufuata mshipa wa kati kwa umbo la V, ni upungufu wa naitrojeni. Mabua yana kaboni nyingi mno, sehemu 60 au zaidi kwa sehemu moja ya naitrojeni, ilhali vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji kama 25 kwa moja. Pengo hilo vinalijaza kwa naitrojeni ya udongoni, na mahindi yanangoja. Basi usiyafukie mabua. Yakikaa juu huoza polepole na hayanyang'anyi sana. Weka mbolea ya kupandia, na sehemu ya kwanza ya kukuzia iweke wiki mbili hadi tatu baada ya mahindi kuota. Urea usiitupe juu ya mabua, kwani itapotea hewani. Sogeza matandazo, chimba sentimita 5, umbali wa sentimita 10 kutoka kwenye shina, weka, funika, udongo ukiwa na unyevu.

Kama mizizi imepinda na kutambaa kando, tatizo ni tabaka gumu. Livunje kwanza kwa ripa, yaani jembe la kupasua ardhi bila kuigeuza, wakati wa kiangazi; matandazo hayatalilainisha kwa msimu mmoja. Na magugu yatakusumbua, hilo halina ubishi.

Maabara ilinipa kaboni asilimia 1.0 mwaka jana, mwaka huu 1.3. Kuna mtu anataka kuninunulia "kaboni" hiyo. Nikubali?
*Msomaji, Kitale*

Mnunuzi wa namna hiyo hulipia kaboni inayohifadhiwa udongoni ili kufidia hewa ya ukaa inayotolewa kwingine. Piga hesabu kwanza. Hekta moja, kina cha sentimita 20, ina takriban tani 2,600 za udongo. Asilimia 0.3 yake ni karibu tani 8 za kaboni, ilhali hata ongezeko la tani 1 kwa hekta kwa mwaka ni kubwa. Huenda sehemu kubwa ya hayo ni tofauti ya uchukuaji sampuli. Lal mwenyewe, katika makala yake ya 2004, alikadiria kwamba tani 1 ya kaboni ikiongezeka kwenye hekta iliyochoka huongeza mahindi kilo 10 hadi 20 tu. Faida ipo, ila inakuja kwa miaka.

Kabla ya kusaini chochote, rudia sampuli: sehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, kina kilekile, mwezi uleule. Kwepa vichuguu, kingo na palipolala mifugo. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, gawa mafungu manne, tupa mawili, rudia hadi ibaki nusu kilo, anika kivulini. Omba pia kipimo cha uzito wa udongo kwa ujazo, maana ndicho kinachogeuza asilimia kuwa tani. Mnunuzi asiyekiuliza hajui anachonunua.