Okidi hainyonyi mti

Mdogo wangu, umeuliza kama okidi, ile mimea ya maua inayoota juu ya miti kule kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, zinanyonya miti hiyo, na kama unaweza kung'oa chache uje nazo Mwanza kwa utafiti. Hazinyonyi. Mizizi hushika gome tu, maji yanatoka kwenye mvua na unyevu wa hewa.

Ila kung'oa, tafadhali usithubutu! Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula, haioti porini bila kuvu wa kuilisha. Ukibeba mmea, kuvu hao na wadudu wanaouchavusha unawaacha kisiwani. Piga picha, andika ni mti gani, urefu kutoka chini, kivuli kikoje, kisha urudi msimu wa maua. Vibali vya utafiti vya TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) anza kuvifuatilia mapema.