Land Rover 109 imewekwa giaboksi ya Toyota, hendibreki imepotea: niweke koki ya mafuta ya breki?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Land Rover 109 ya zamani, nimeipa injini, giaboksi na transfa (sanduku la giya linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na nyuma) ya Hilux. Hendibreki ya Land Rover ilikuwa inakaa nyuma ya transfa yake kwahiyo imeondoka nayo, na ekseli ya nyuma bado ni ile ile ya Land Rover, haina hata tundu la kupitisha waya wa hendibreki. Nilitaka pia nyuma niweke breki za diski. Fundi wangu anasema tuweke koki kwenye paipu ya mafuta ya breki ya nyuma, nakanyaga pedali, nafunga koki, gari imelala hapo. Mwingine anasema nitafute kalipa (vibano vya diski) za gari ndogo zenye mkono wa hendibreki. Huku kwetu ni milima mitupu. Nichague ipi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Koki usiweke. Nalisema hili kwanza kabisa kwasababu haupiti mwezi bila mtu kuniletea hilo wazo, na kila anayelileta ameambiwa na fundi kwa kujiamini sana, tena wengine wameona video za wanaocheza dirifti Ulaya na Japani wana lever ya mafuta pembeni ya giya wanadhani ile ndo hendibreki. Ile ni ya kufunga tairi za nyuma kwa sekunde mbili gari iteleze kwenye kona. Haikutengenezwa ilaze gari usiku kucha.

Elewa kinachotokea ukifunga koki. Umeyafungia mafuta yenye presha kati ya koki na silinda za tairi. Umetoka kuendesha, breki zina moto, mafuta yana moto. Gari inapoa, mafuta yanasinyaa, presha inashuka. Hozi za mpira zinaendelea kutanuka kidogo kidogo, sili za silinda nazo zina miaka yake, tone moja tu likipita presha yote imekwisha maana mafuta hayabanwi kama upepo, hakuna akiba humo ndani. Na hakuna kitu kitakachokwambia kwamba inashuka. Gari itakaa saa moja, mbili, tatu, halafu inaanza kutembea wewe uko ndani unakula.

Kuna jamaa aliniletea gari yenye koki ya shaba, ile ya bomba kabisa, imechomekwa chini ya siti ya dereva. Akabisha kwamba inashika mwaka mzima. Sakafu ya gereji yangu ina mteremko mdogo wa kutoa maji, hata chupa ukiilaza haibingiriki haraka. Jioni tukakanyaga, tukafunga koki, nikaweka kabari ya mbao hatua moja mbele ya tairi, nikachora mstari wa chaki kwenye tairi ukashuka mpaka sakafuni. Asubuhi mstari wa tairi ulikuwa umeuacha ule wa sakafuni kwa upana wa kiganja. Kwenye sakafu ya gereji hiyo, sio mlimani. Aliing'oa mwenyewe.

Na kuna la pili ambalo mimi ndo linaniumiza zaidi. Hendibreki ni breki ya kulaza gari, lakini pia ndo kitu pekee kinachobaki paipu ya mafuta ikipasuka. 109 nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta kwa tairi zote nne. Sasa ukiifanya na hendibreki itegemee mafuta hayo hayo, paipu ikipasuka umepoteza vyote kwa mpigo. Ndo maana kanuni za breki za Umoja wa Mataifa za magari madogo, R13-H, zinataka hendibreki ikishavutwa ishikiliwe na chuma, sio presha, na iweze kuilaza gari iliyopakia kwenye mteremko wa 20% (kila mita 100 unashuka 20) ikiwa imeangalia juu au chini, kwa mvuto wa mkono usiozidi nyutoni 400, yani kama kilo 40.

Hiyo 20% ipigie hesabu. 109 imepakia iko tani 2 na nusu, kwenye mteremko huo inasukumwa kushuka na kama kilo 490. Hizo ndo unazishika kwa mkono mmoja. Hapo kalipa za gari ndogo zinaanguka, maana zimepimiwa gari ya tani moja na kitu yenye tairi fupi, na tairi la 109 ni kubwa, kutoka katikati mpaka chini ni mbali zaidi kwahiyo breki inahitaji nguvu zaidi kulishika. Alafu diski haijisaidii. Dramu, yani lile bakuli linaloshikwa kwa ndani na shuu, ikianza kuzunguka inaivuta shuu izidi kujikaza, diski inashika kwa nguvu uliyoipa tu basi. Na ile skrubu ya ndani ya kalipa za namna hiyo, kwa vumbi na matope yetu, inakamata kutu, mwisho upande mmoja unashika mwingine umelala.

Wenye Land Rover hawakuwa wajinga kuweka dramu nyuma ya transfa. Difu ya 109 ni 4.7, yani propela (shafti ndefu ya kwenda ekseli) inazunguka mara 4.7 tairi likizunguka mara moja, kwahiyo breki ikikaa kwenye propela inahitaji chini ya robo ya nguvu ambayo ingehitajika kwenye tairi. Canter nayo imekaa hivyo hivyo, dramu nyuma ya giaboksi, na unajua inavyoshika na mzigo wake. Ila ina mabaya yake na uyajue. Kila kitu kinapita kwenye propela, difu na hafu shafti (vyuma vya kutoka difu kwenda tairi), ikikatika hafu shafti moja difu inaachia na hendibreki huna. Ukipiga jeki tairi moja la nyuma ni hivyo hivyo, lililo hewani linazunguka na gari inaondoka juu ya jeki. Na usiivute gari ikiwa inatembea kama sio dharura, utavunja vyuma.

Kwahiyo kwako wewe, mtu wa milima, mimi ningeweka ekseli nzima ya nyuma ya Hilux yenye dramu, na waya zake mbili na lever yake original. Breki iko kwenye tairi, propela ikatike isikatike inashika. Transfa yako ni ya Toyota tayari na difu ya Hilux iko karibu na katikati kwahiyo propela itakaa vizuri kuliko sasa, difu ya Land Rover iko pembeni. Gharama zake: viti vya springi vikatwe na kuchomelewa upya kwa kipimo cha chesisi ya 109, ekseli ni pana zaidi tairi zitatoka nje kidogo, na Hilux ina boliti 6 wakati mbele utabaki na 5, yani spea tairi mbili tofauti. Ratio ya difu ya mbele na nyuma lazima zifanane, la sivyo ukiweka fowili utaua transfa. Hilo ulicheki kabla ya kununua, sio baada.

Kama hela haitoshi, bakiza ekseli ya Land Rover na utengeneze dramu nyuma ya transfa mtindo wa Canter, ila flanji ichongwe na mtu wa leithi anayejua kupima, isiyumbe, na propela ifupishwe na kubalansiwa. Diski nyuma sioni inakuongezea nini. Ukizing'ang'ania tafuta ekseli yenye shuu ndogo ndani ya diski kama Land Cruiser 80, na zile shuu uzikaze na kuzisaga mwanzoni maana hazitumiki ukiendesha, zinang'aa na kuteleza.

Waya usiukunje kona kali. Mvuto ugawanywe sawa kulia na kushoto. Hendibreki ikishika ukiivuta kidogo tu umekaza mno, ikishika mpaka lever imefika mwisho imelegea.

Nasema na wengine wote mnaosoma. Waya ukikamata kutu fundi anaukata, anachomoa na taa ya dashibodi isiwake, anakwambia weka giya inatosha. Giya inashika kwa kompresheni ya injini, na kompresheni inavuja. Kwenye gari yenye transfa, lever ndogo (ya transfa) ikiwa nyutro giya yako haijashika kitu chochote, na P ya otomatiki ni hivyo hivyo. Utingo wa lori anaruka na jiwe kila kituo chenye mlima na tumeshazoea kuliona, na ngazi ya pantoni imejaa maji watu wamesimama mbele ya bampa. Fundi aliyekata huo waya mrudie aufunge upya, na asipojua kuufunga tafuta mwingine.

Wewe ukimaliza kufunga, pakia mzigo, endesha mpaka breki zipate moto, halafu nenda kwenye mteremko, vuta, toa giya, weka transfa nyutro, chora chaki, subiri saa moja. Geuza gari urudie ikiangalia upande wa pili. Kabari ikae hatua moja kutoka kwenye tairi, upande wa bondeni, muda wote, na mtu yeyote asisimame upande wa bondeni.