Saa ya bei ndogo utaijuaje kama ni nzuri? Maswali yenu na majibu

Maswali ya saa yamekuwa mengi kwahiyo leo nayajibu kwa mkupuo, nimeyafupisha tu ila maana ni ile ile. Karibu yote yanahusu saa za laki na kushuka chini, ndo saa ambazo wengi wetu tunavaa, na msimamo wangu nausema mapema: kwenye saa ya bei ndogo hela yako inatakiwa iende kwenye mashine, kwenye chuma na kwenye raba za kuzuia maji. Ikienda kwenye urembo na jina umepigwa.

Kaka habari, nimechukua saa ya rangi ya dhahabu Kariakoo kwa elfu 20, chini ya namba 6 imeandikwa Japan Movt, ina visaa vidogo vitatu ndani na ni nzito kweli. Jamaa kaniambia ni chuma tupu haitapauka. Ni kweli?

Nzuri ndugu yangu. Hayo maandishi ya Japan Movt yanazungumzia mashine tu, kwamba imetoka kampuni ya Kijapani, hayasemi lolote kuhusu bodi wala rangi, na pia ni maandishi tu, yeyote mwenye mtambo wa kuchapa anaweza kuyaweka. Wewe igeuze saa usome nyuma. Ukikuta "Stainless Steel Back" maana yake kifuniko cha nyuma peke yake ndo chuma kisichoshika kutu, bodi iliyobaki ni zinki au shaba imepakwa rangi juu. Ukikuta "All Stainless Steel" hapo ndo unaweza kuongea habari ya chuma tupu.

Uzito usikudanganye maana bodi ya zinki na ya chuma zinakaribiana uzito, huwezi kuzitofautisha kwa kupima kiganjani. Na wale wanaokuja na sumaku wanasema "ona haishiki, hii orijino" nao hawakusaidii, kwasababu zinki haishiki sumaku, shaba haishiki, na stainless nzuri ya saa nayo haishiki au inashika kidogo sana, kwahiyo zote zinafaulu mtihani huo huo. Cha kuangalia ni pale bodi inapokutana na mkanda, upande wa chini unaogusa ngozi, na kile kidude cha pembeni unachovuta kurekebisha mishale. Jasho linaanzia huko. Rangi ikitoka ukaona njano iliyofifia ni shaba, ukiona kijivu chenye vipele vipele ni zinki.

Vile visaa vidogo vitatu, bonyeza vitufe vya pembeni uone. Kama vitufe havibonyezeki, au vishale havisogei kabisa, basi vimechorwa tu, na hiyo kwangu ni alama mbaya kuliko zote maana mtengenezaji kaamua kukudanganya mbele ya macho yako, sasa kule ndani usikoona atakuwa kafanya nini?

Ila usikate tamaa kabla hujamwambia fundi aifungue. Inawezekana ukakuta mashine kama Miyota 2035 ya Citizen, ni mashine ya bei ya chini kabisa na imo kwenye saa chungu nzima duniani, lakini kazi inafanya, kiwango chake ni kupotea sekunde 20 hivi kwa mwezi. Watu hawajui kwamba kwenye kutunza muda saa za kwatzi, yaani hizi za betri, zinazipita saa za kujaza za mamilioni. Kile kipande cha kwatzi ndani kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, wakati saa ya kujaza yenye cheti cha Uswisi cha COSC inaruhusiwa kuchelewa mpaka sekunde 4 au kuwahi mpaka sekunde 6 kila siku. Kwahiyo ukitaka kuipima hiyo yako, iseti sawa na simu hadi sekunde, iache wiki nzima, halafu linganisha. Ikiwa imepishana sekunde tano hivi uko salama, ikiwa imepishana dakika irudishe kwa jamaa kama bado anakukumbuka.

Naomba kujua Casio F-91W orijino na feki nazitofautishaje, mtaani kwetu zinauzwa elfu 8.

Hii saa naipenda kwahiyo nitaongea. Ilitoka mwaka 1989, ina gramu 21, na mpaka leo inatengenezwa vile vile, betri yake ni CR2016 ambayo Casio wanasema inakaa miaka 7, na kupotea kwake ni sekunde 30 kwa mwezi. Kwa nchi za nje ikiwa mpya dukani inacheza dola 15 mpaka 25. Sasa piga hesabu, kitu cha dola 15 kisafirishwe, kilipiwe ushuru, muuzaji apate chake, halafu kiuzwe elfu 8? Haiwezekani, hapo bei yenyewe imeshakujibu.

Jaribio linalojulikana ni kubonyeza na kushikilia kitufe cha kulia kwa sekunde tatu, orijino itaandika CASIo kwenye kioo. Lakini siku hizi kuna feki ambazo nazo zinaandika, kwahiyo usiishie hapo. Washa taa gizani: ya orijino ni kitaa kidogo cha kijani kimekaa upande wa kushoto, hafifu, hakimuliki kioo chote, na watu wanakilalamikia miaka yote. Ukiona taa ya bluu au inang'aa kioo kizima basi hiyo sio yenyewe, au kuna mtu kaifungua akabadilisha. Angalia maandishi ya juu ya kioo, kwenye orijino mistari ni myembamba na imekatika safi, kwenye feki rangi imevuka mstari au herufi zimenenepa. Mkanda wa feki mara nyingi ni mgumu na unanuka plastiki. Na fundi akifungua ile skrubu nne za nyuma akakuta betri ambayo sio CR2016 basi mjadala umeisha.

Kama huna hela ya orijino mpya, kuliko hiyo feki mie ningekwambia tafuta Q&Q ya plastiki, ni jina la kundi la Citizen, bei yake iko chini na haijifichi nyuma ya jina la mtu.

Saa yangu imeandikwa Water Resistant 30M, nimeingia nayo baharini Coco Beach hata kiunoni hayajafika, sasa kioo kina ukungu ndani. Si wamesema mita 30?

Pole sana. Hizo mita 30 sio za kuzama, ni presha iliyopimwa maabara saa ikiwa imetulia, maji yametulia, raba mpya. Kwa matumizi ya kawaida ichukulie hivi: 30M ni kunawa mikono na mvua ya bahati mbaya, 50M kuogelea kawaida, 100M kuogelea na kuzama juu juu, na saa ya wapiga mbizi kweli kweli ni ile iliyofuata kiwango cha ISO 6425 ambayo itaandikwa Diver's. Na ile yenye Water Resist peke yake bila namba iweke kundi la kunawa mikono.

Sasa hivi usipoteze muda na mambo ya kuiweka kwenye mchele, maji ya bahari yana chumvi na chumvi inakula mashine hata maji yakishakauka. Mpelekee fundi leo leo aifungue, atoe betri, aikaushe. Na hapo hapo mwambie aangalie ile raba ya mviringo ya kwenye kifuniko, maana saa nyingi zinaingia maji sio kwasababu zilikuwa mbovu dukani, ila kwasababu siku ya kubadilisha betri raba iliwekwa imepinda au imekatika, au haikurudishwa kabisa. Raba inatakiwa ikae kwenye mfereji wake imelala sawa, na ipakwe grisi ya silikoni kidogo sana. Simama hapo uangalie anavyoifunga, fundi mzuri hachukii kuangaliwa.

Shikamoo. Kila baada ya miezi mitatu minne nabadilisha betri, saa imekuwa mzigo. Shida ni saa?

Marahaba mdogo wangu. Mara nyingi shida ni betri. Mwambie fundi akuonyeshe hiyo betri kabla hajaitupia ndani, isome mgongoni. Betri ya saa nyingi ndogo za mishale ni SR626SW, au imeandikwa 377, hiyo ni ya silva oksaidi, inatoa volti 1.55 na inabaki hapo hapo karibu mpaka inapokufa. Ile nyingine imeandikwa LR626 au AG4, ukubwa ni ule ule kabisa, inaingia bila tatizo, lakini ni alkalaini, nguvu yake inashuka kidogo kidogo kila siku, haikai muda mrefu, na mbaya zaidi ikifa ukaiacha inavuja. Zile karatasi za betri kumi kumi za bei ya kutupa ndo hizo, na unakuta kwenye karatasi wameandika namba zote pamoja, AG4, 377, LR626, wakati sio kitu kimoja.

Kalipie ile nzuri. Ukiweka SR safi na bado ikafa ndani ya miezi michache, hapo ndo tuiangalie mashine, inawezekana uchafu au mafuta yamekauka inavuta umeme mwingi. Na saa ikifa betri usiiache kabatini mwaka mzima na betri ndani.

Nimepata Seiko 5 ya mtumba kwa elfu 90, kioo kizuri, uso wa rangi ya machungwa unang'aa kama mpya. Tatizo inawahi dakika kama 4 kwa siku, na ukivuta kile kidude cha pembeni mshale wa sekunde hausimami. Nimepigwa?

Kwa mshale wa sekunde hapana. Kama mashine yake ni 7S26, iliyotoka 1996, ndo ilivyoumbwa: sekunde hazisimami ukivuta na haijazwi kwa kuzungusha, unaivaa au unaitikisa taratibu ijijaze. Wengi wanadhani imeharibika.

Dakika 4 ndo nyingi. Seiko wenyewe kwa mashine hiyo wanakubali kuchelewa sekunde 20 mpaka kuwahi sekunde 40 kwa siku. Ikiwahi ghafla kiasi hicho kitu cha kwanza ninachoshuku ni sumaku, umeilaza juu ya spika au karibu na kava la simu lenye sumaku, ile springi nyembamba ya ndani inagandana na saa inakimbia. Sogeza dira karibu na saa, mshale wa dira ukicheza jibu ndo hilo, na kuitoa sumaku ni kazi ya dakika moja kwa fundi mwenye kifaa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huo uso unaong'aa kama mpya. Kuna Seiko 5 nyingi za zamani, hasa zinazotoka India, ambazo uso umepakwa rangi upya kwa mkono zikawekwa mishale isiyo yake. Chukua lenzi uangalie maandishi madogo kabisa chini ya namba 6, panatakiwa pawe na namba inayoanza na ya mashine iliyoandikwa nyuma ya kifuniko. Kama hayapo, au yamenenepa na kupinda, uso umepakwa. Saa bado inaweza kutembea miaka, ila thamani yake sio elfu 90, na kuifanyia sevisi kamili kunaweza kukaribia bei uliyonunulia, kwahiyo anza na sumaku kabla hujakubali kufunguliwa mashine yote.

Kuna saa janja ya elfu 25 inapima presha na sukari. Nataka nimnunulie mama, ana presha.

Dada yangu nakuomba usifanye hivyo. Ile taa ya kijani nyuma inasoma damu inavyopita chini ya ngozi, mapigo ya moyo inaweza kukisia vizuri tu, lakini presha kwenye hizi za bei hiyo ni namba inayotungwa na programu. Jaribu mwenyewe, ifunge kwenye taulo lililoviringishwa uibonyeze ipime, nyingi zitakupa namba kama kawaida. Kwa sukari ndo kabisa, Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mama akiona 120 kwa 80 akaacha vidonge vyake, hilo halirudishwi dukani. Ongeza hela kidogo umchukulie mashine ya presha ya mkono, ile ya kujaza upepo, na vipimo muwe mnaandika kwenye daftari.

Muuzaji kadondosha tone la maji kwenye kioo likasimama duara, kasema ni safaya, kile kioo kigumu kisichochubuka kirahisi. Saa elfu 35.

Tone linasimama pia kwenye kioo cha kawaida kilichopakwa dawa au hata nta. Kwa elfu 35 chukulia ni kioo cha kawaida, na sio aibu, kinafanya kazi. Kama ni cha plastiki hata uzuri wake upo, kikichubuka unakisugua na dawa ya meno kinarudi.

Baba anastaafu, nina laki moja, nataka saa ya heshima. Nizingatie nini?

Hongera kwa kumkumbuka. Chukua ya mishale mitatu na tarehe, namba zinazosomeka bila miwani, ya betri, nyuma iandikwe All Stainless Steel, maji 50M. Kwa laki moja Citizen au Casio ya namna hiyo ukizunguka unaweza kupata, hata kama ni ya mtumba iliyotunzwa, kwahiyo usiende kwenye kopi ya jina kubwa la Uswisi maana wazee wenzake watamuuliza na yeye atamtetea mwanae kwa kitu asichokijua. Mkanda wa chuma uwe na vipande vilivyojaa, sio bati lililokunjwa, ukiutikisa usikie umetulia. Angalia upana wa mkanda pale unaposhikana na bodi, ukiwa milimita 18 au 20 atapata wa kubadilishia popote. Baba apunguziwe mkanda kwa fundi akiwa ameuvaa, na vile vipande viwili vitatu vitakavyotolewa usiviache pale mezani, viweke kwenye boksi lake pamoja na pini zake, mkono unanenepa na kupungua.