Tanga: uvivu, limbwata na uchawi vinavyosemwa, na hali niliyoikuta

Ndugu yangu uliyeuliza kama uukubali uhamisho wa kwenda Tanga, nimeyasoma yote uliyoambiwa na wenzako kazini: kwamba watu wa huko ni wavivu, kwamba mji umejaa uchawi, na kwamba mwanamume akienda peke yake hulishwa limbwata asirudi kwao tena. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, nimeishi Tanga miaka mingi nikifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, na wanangu wamekulia huko.

Nianze na uvivu, kwa sababu ndio unaorudiwa kuliko yote. Mgeni hushuka kwenye basi saa nane mchana, jua likiwaka, akakuta baadhi ya maduka ya Ngamiani yamefungwa, wazee wako barazani na baiskeli zinapita taratibu. Hapo hapo amekwisha kutoa hukumu. Laiti angefika Deep Sea, soko la samaki, alfajiri, angekuta samaki wananadiwa na wachuuzi wanapakia ndoo zao waiwahi mitaa kabla watu hawajatoka. Au aende kwenye mashamba ya mkonge. Mkata mkonge huingia shambani kungali giza ili amalize kipande chake cha kazi cha siku kabla ya jua kali. Hukata jani moja moja, huondoa mwiba wa ncha, hufunga mafungu ya majani 30, kisha huyabeba hadi kando ya njia, na muda wote huo maji ya majani yanamwasha ngozi. Mtu huyo ukimkuta amejilaza mchana, ujue amekwisha kufanya kazi ambayo wengi wetu tusingeimaliza.

Utulivu wa mji wenyewe una historia yake. Ujenzi wa reli ulianzia Tanga mwaka 1893, na mwaka huo huo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge katika pwani hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, sehemu kubwa ikitoka Tanga. Kisha nyuzi za plastiki zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 na usimamizi ukadorora, hata kufikia mwaka 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa chini ya tani 40,000. Viwanda vya mjini navyo vilifungwa kimoja baada ya kingine. Kumwita mtu mvivu kwa sababu kiwanda alichokitegemea kimefungwa ni kumdhulumu, na jambo hili linaniuma kila ninapolisikia.

Hata bandarini nimeliona hilo. Wateja wa mikoani walikuwa wakilalamika kwamba watu wa Tanga wanachelewesha mzigo, ilhali tatizo lilikuwa kina cha maji: gatini palikuwa na takribani mita tatu tu, hivyo meli zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, kisha ukapakuliwa mara ya pili. Vijana wale walikuwa wakifanya kazi moja mara mbili. Baada ya kina kuongezwa hadi mita 13, meli zinafunga gatini, na malalamiko yale siyasikii tena.

Kuhusu limbwata, ni kweli kwamba wengi walikwenda Tanga wasirudi kwao. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa mashambani kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Mkonge ulipoanguka, wengine hawakuwa na nauli wala shamba la kurudia, wakaoa, wakajenga, na leo wajukuu zao ni watu wa Tanga kabisa. Sisi wa karibuni tumebaki kwa sababu kodi ya nyumba inabebeka, samaki wapo, na jirani akipika hukukumbuka. Kuwasingizia dawa wanawake wanaopika vizuri na kusema na watu kwa upole ni kuwavunjia heshima.

Uchawi sitautolea maneno mengi. Waganga wapo Tanga kama walivyopo kwingine. Lakini sisi tuliotoka Usukumani, ambako vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, hatuna haki ya kuwanyoshea kidole watu wa pwani.

Yapo yaliyo ya kweli, nawe uyajue. Salamu ni ndefu, na anayeingia dukani au ofisini akianza kwa kuamuru atahudumiwa mwisho. Habari za mtaani husambaa upesi. Ukihamia Chumbageni leo, kesho watu wanajua umetoka wapi. Jambo zito zaidi ni ajira. Ujenzi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilometa 1,443 na linaloishia Chongoleani, hapo hapo Tanga, uliwapa baadhi ya vijana kazi, lakini kazi za ujenzi huisha, na wengi wanaomaliza shule bado wanakimbilia Dar es Salaam. Kwa kuwa wewe unakwenda na mshahara wako, ningekushauri uende, tena na mkeo na watoto. Ila kama una kijana mkubwa anayetafuta kazi, la kwake ndilo ulifikirie kwanza kabla hujafungasha.