Usiuze Baiskeli Hiyo, Mdogo Wangu

Juzi usiku, watoto wameshalala, niliingia kwenye simu nikakuta ujumbe wa binti mmoja wa Githurai. Ameandika hivi: "Dada, nimeachwa na kundi tena. Hata kilomita ishirini hatukuwa tumemaliza. Nimepata mtu wa kununua baiskeli, nimpe?"

Nilisoma mara tatu. Kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, kwa sababu swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, maneno karibu yale yale.

Jibu fupi: usimpe. Jibu refu ndilo hili, na naliandika hapa badala ya kukutumia wewe peke yako kwa kuwa najua mko wengi. Nawaona kila Jumapili alfajiri Thika Road, taa nyekundu zinametameta nyuma ya siti, na najua kila mmoja wenu anangoja siku atakayosikia jina lake kwenye kipaza sauti. Hata mimi niliingoja.

Shindano langu la kwanza lilikuwa barabara ya Magadi, miaka minne iliyopita. Anayeijua barabara hiyo ameshaanza kunionea huruma. Ukitoka Kiserian unapanda mpaka Kona Baridi, upepo unakusukuma kifuani kama mtu mwenye ugomvi nawe, halafu ghafla nchi yote inafunguka mbele yako na lami inaanza kushuka. Inashuka tu. Joto linaongezeka kila unapozungusha pedali, na ukiendelea hivyo utafika Ziwa Magadi, lililo mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali sisi wa Nairobi tunaishi kwenye mita 1,700 hivi. Ziwani hatukufika. Tulishuka kilomita 35, tukazunguka pipa lililopakwa rangi nyekundu, tukarudi tulikotoka. Kwa hiyo kila mita uliyoteremka ukifurahi, ulikuwa umekopa, na ungeilipa jua likiwa utosini.

Mimi hesabu hiyo sikuipiga. Nilikuwa nimejizoesha miezi mitano, naamka saa kumi na nusu, na miguu niliijua ina nguvu. Baiskeli niliinunua ya mtumba, shilingi 28,000, zamu yangu ya chama ilipofika. Mume wangu aliniuliza kwa upole kama friji haingekuwa bora, nami nikamwambia friji haitanitoa nyumbani. Filimbi ilipolia nilishika mbele. Nyuma yangu walikuwepo wanaume kama kumi na wawili, na nilisikia wanavyonipa moyo: "Mama ana nguvu! Twende, mama! Vuta, vuta!" Nikavuta. Kila waliposema, nilibadilisha gia nikaongeza.

Mpaka leo nikizikumbuka sauti zile naumia, maana wao walijua jambo ambalo mimi sikulijua. Wa mbele ndiye anayewakatia upepo wengine wote. Mkiwa mnakwenda kilomita 35 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zako inaishia kwenye hewa, si kwenye baiskeli. Na hewa haina huruma: ukienda mara mbili ya mwendo wa kwanza, inakuzuia mara nne. Aliyejibanza nyuma ya gurudumu lako, nafasi ya nusu mita tu, anaokoa karibu theluthi moja ya nguvu zake. Wale watu kumi na wawili niliwafanyia kibarua bure kwa zaidi ya saa nzima, na malipo yangu yalikuwa kuitwa mama mwenye nguvu.

Tulipozunguka pipa na mlima wa kwanza kuanza, walinipita mmoja mmoja. Hakuna aliyesema vuta.

Sasa nikueleze kuzima, kwa sababu naamini ndiko kulikokupata wewe pia. Mwili una akiba ya sukari inayotosha kazi ngumu ya saa moja na nusu, labda mbili. Mimi asubuhi ile nilikunywa chai na vipande viwili vya mkate, basi. Akiba ilipokwisha, miguu haikuuma, na hapo ndipo nilipoogopa. Haikuuma, ilikuwa haipo tu. Nilitazama lami mbele ya tairi nikawa naona kokoto moja moja, kijivu, nyeupe, kijivu. Jasho lilikuwa limekauka mashavuni likawa chumvi inayokwaruza. Chupa ya maji ilikuwa tupu tangu pipa. Nilishuka, nikakaa chini ya mgunga, na kivuli chake kilikuwa chembamba, kinatosha kichwa tu.

Kijana wa kuchunga mbuzi akaja. Alinitazama, akaitazama barabara, kisha akaniuliza, na aliuliza kwa dhati kabisa: "Wenzako walipita zamani. Wewe umetumwa wapi?"

Nilicheka mpaka nikalia. Alikuwa na maji kwenye mtungi wa plastiki, ule wa lita tatu wa mafuta ya kupikia, yana joto na ladha ya mafuta kwa mbali. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale. Nikapanda tena baiskeli.

Nilipofika mwisho, meza ilikuwa imekunjwa. Kijana mmoja wa kamati alikuwa anafungua kamba za bango. Nikamwambia, "Namba sabini na nne, nimefika." Akanijibu bila kugeuka, "Karatasi zimeshaondoka, mama." Jioni majina yalipotumwa nililikuta langu chini kabisa, na mbele yake neno moja: Hakumaliza.

Nilimaliza. Naandika hapa wazi ili mtu asome: nilimaliza, kwa muda wa saa nne na dakika kumi na nane. Namba ile bado ninayo, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo na pini zake nne, na kila nikichukua sahani naiona. Ninyi mnaoandaa mashindano, mkipokea shilingi 1,500 za mtu kwa M-Pesa, mngojeeni. Wa mwisho amekaa juani muda mrefu kuliko wa kwanza. Kumwachia meza moja na mtu mmoja mwenye kalamu si gharama.

Miaka miwili iliyofuata sitakuchosha nayo. Niliamka, nikazungusha, nikarudi, nikapika. Ila ujue si wewe peke yako unayekutana na vituko vya jiji hili. Ile njia ya baiskeli ya Thika Road ukifika Githurai imepangwa viatu vya mitumba, na ukiomba njia unaulizwa unavaa saizi gani. Wakati mmoja nilikuwa nahema kwenye kale kamlima, matatu ikapunguza mwendo kando yangu, makanga akaning'inia mlangoni: "Mathe, hamsini tu mpaka tao! Baiskeli tunaweka juu!" Abiria wote wakageuka kungoja jibu. Na wamama wa jumuiya walikuja nyumbani watatu, wakanywa chai, wakazunguka mbuyu weee, mwisho mmoja akauliza kama ndani ya nyumba kuna shida inayonifanya nitoroke alfajiri. Nawapenda kwa hilo. Sasa wananiombea kabla ya mashindano.

Aliyenigeuza kabisa ni fundi wangu wa baiskeli hapa mtaani Kahawa, mzee wa Busia. Ujana wake alibeba abiria kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda, zama zile neno boda boda lilipozaliwa, kabla pikipiki hazijalichukua. Nilimpelekea cheni iliyokatika, nikamsimulia hadithi ya wale kumi na wawili. Aliweka spana chini. Akaniambia upepo wa kutoka Ziwa Victoria ulipokuwa ukiwajia usoni, wao walipangana mstari, kila mmoja na abiria wake nyuma, wa mbele akichoka anasogea pembeni anarudi mkiani, na anayefuata anashika. Aliyekataa kushika zamu, kesho yake hakupewa mgongo wa kujifichia. Mzee huyu hajawahi kuvaa zile kaptura zetu za kubana, na alikuwa anajua mashindano kuliko sisi sote tunaojadili uzito wa rimu. Ni yeye pia aliyeniambia niache kujaza tairi upepo mpaka liwe jiwe, maana kwenye lami yetu yenye viraka tairi gumu linakurusharusha na kukupotezea mwendo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio huo: jifiche. Kaa ndani ya kundi. Ukihisi una nguvu, kaa ndani ya kundi. Wakikusifu, hasa wakikusifu, rudi ndani ya kundi. Zamu yako ikifika ishike kwa dakika moja, sogea, rudi nyuma. Kuna watu watakaokuambia huo ni uoga. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalikuja Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na mbio za wanawake nilizitazama kwenye simu huku nakunja nguo. Wale nyota waliotabiriwa wakawa wanatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake afanye kazi ya kufukuza. Aliyeshinda ni Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wengi hawakuwa wamemweka kwenye hesabu. Nguvu zake alizitunza mpaka mahali pa kuzitumia. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Wa pili: kula. Usingoje njaa. Ndizi moja iliyoiva ina gramu 25 hivi za wanga, na kwenye shindano refu mwili unahitaji gramu 30 mpaka 60 kila saa. Ndizi mbili kwa saa, basi, hakuna siri ghali. Mimi hubeba ndizi na viazi vitamu vilivyochemshwa, vimetiwa chumvi, vimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Na maji, kunywa kabla ya kiu. Kula kabla ya mlima, si juu ya mlima. Nitarudia tena mpaka unichoke: kula.

Na kwenye mteremko usishindane na mtu. Suleiman Kangangi, aliyeshika nafasi ya tatu kwenye mbio za baiskeli za Tour du Rwanda mwaka 2017 akatufanya sote tuamini Mkenya anaweza, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano huko Vermont, Marekani. Alikuwa bingwa, na barabara haikumuuliza. Wewe una mama Githurai anayengoja kusikia mlango ukifunguliwa. Vaa helmeti, shika breki, achana na anayekupita kwa fujo. Utamkuta kwenye mlima.

Wiki mbili zilizopita nilirudi barabara ya Magadi. Kona Baridi ile ile, upepo ule ule, na pipa safari hii lilikuwa la bluu. Kilomita 35 za kushuka sikukaa mbele zaidi ya dakika tano kwa jumla. Nilichagua mgongo mpana wa mwanamume mmoja mwenye fulana ya kijani nikaishi hapo, nikimpokea kila alipochoka. Kilomita mbili kabla ya pipa nilikula ndizi ya tatu. Tulipogeuka na mlima kuanza, niliweka gia nyepesi nikangoja kwa subira miguu inikimbie kama siku ile. Haikunikimbia. Nikaanza kuwapita. Mmoja, wawili, dada mmoja mwenye soksi za manjano aliyenishinda mara tatu mwaka huu, halafu mwanamume aliyekuwa amesimama kwenye pedali, anayumba kulia na kushoto. Nilipokuwa sambamba naye akasema, kwa sauti niliyoitambua kabla sijamwona uso:

"Mama, punguza kidogo, nikae nyuma yako."

Sikupunguza.

Nilikuwa wa tatu kwa wanawake. Walinipa bahasha ya shilingi 3,000, ikaenda yote kwenye tairi la nyuma. Jina langu kwenye kipaza sauti walilitamka vibaya, nami nikapanda jukwaani nimenyoosha mgongo, kwa sababu meza ilikuwa bado imesimama, na juu yake palikuwa na karatasi, na kwenye karatasi mtu aliandika muda wangu mbele yangu kwa kalamu ya bluu.

Basi, mdogo wangu. Mwambie huyo mnunuzi baiskeli imepata kazi. Jumapili hii saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakutana kituo cha mafuta kabla ya daraja la Kahawa, tuko wanawake wanne na mzee mmoja. Tutakwenda Ruiru, tupande kwa njia ya Kamiti hadi Kiambu, turudi kabla ya misa ya pili. Njoo na tyubu ya akiba na ndizi nne. Utakaa nyuma yangu njia nzima, na sitaki kukuona mbele.