Nyufa Kuzunguka Shimo la Mgodi: Maswali na Majibu

Mwamba ni mgumu. Kwa nini upasuke kwa kutobolewa tu?

Kwa sababu mzigo uliokuwa ukipita hapo hauondoki na kifusi. Unalizunguka tundu, kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe, na kujazana ukutani. Mwaka 1898 Mjerumani Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba tundu la mviringo likilemewa kutoka juu pekee, kuta za kushoto na kulia hubanwa mara 3 ya mkazo (nguvu inayokaa juu ya kila eneo la mwamba) wa awali, huku dari na sakafu zikivutwa. Mwamba huhimili kubanwa, lakini kuvutwa hauwezi.

Kompyuta inaujuaje ufa utakapoanzia?

Njia mojawapo, iliyotokana na kazi ya watafiti Cundall na Strack ya mwaka 1979, huujenga mwamba kwa maelfu ya chembe zilizoshikamana. Programu hukokotoa nguvu baina ya chembe, hatua baada ya hatua. Kiungo kikizidiwa hukatika, na huo ndio ufa mdogo. Hakuna anayeuchorea njia.

Tuiamini?

Iaminini ikishapimwa na mwamba wenyewe. Huko Manitoba, Kanada, watafiti walichimba handaki la kipenyo cha mita 3.5, mita 420 chini ya ardhi, ndani ya matale, bila baruti. Huko mzigo mkubwa ulitoka ubavuni, si juu, hivyo kwa hesabu dari lilibanwa badala ya kuvutwa, kwa takriban megapaskali 170 (megapaskali ni kipimo cha mkazo). Sampuli za jiwe hilo maabarani zilihimili zaidi ya 200, kwa hiyo lilipaswa kubaki zima. Halikubaki. Vibamba vyembamba vilibanduka darini na sakafuni mpaka pakawa na mfuo wa umbo la V. Nyufa ndogo huanza kukua mapema, mzigo ukiwa bado chini sana ya ule unaovunja sampuli. Anayeilisha programu namba ya maabara peke yake atapata handaki salama kwenye skrini tu, na hilo linanitia hofu kuliko kutokuwa na programu kabisa.

Mimi ni mchimbaji mdogo, sina kompyuta. Nifanyeje?

Chonga dari liwe la upinde; pembe kali hukusanya mkazo. Usisogeze duara (shimo la mgodi) lako karibu na la jirani: kwa tundu la mviringo, mkazo hukaribia hali ya kawaida ukishaacha ukuta kwa umbali wa kipenyo kimoja, hivyo mwamba mwembamba katikati hubeba mizigo ya mashimo yote mawili. Matimba (nguzo za mbao za kushikilia dari) yawekwe mapema. Ukisikia mwamba unalia au vibamba vinabanduka, toeni watu kwanza, vifaa baadaye.