Baridi ya kambini ilitoka chini, si juu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na rafiki yangu, ambaye kwangu ni zaidi ya ndugu, Ijumaa moja ya mwezi wa saba tuliamua palepale, tukiwa Morogoro mjini, kwenda kulala kilimani Mgeta kwenye shamba la shangazi yake, juu kidogo ya Nyandira. Hatukuwa tumejipanga. Tuliazima hema la watu wawili, tukabeba tulichokuwa nacho. Mimi nilivaa masweta matatu, nikajifunika blanketi zito, chini nikatandika mkeka. Mwenzangu alikuwa na sweta moja na shuka la Kimasai, ila alilalia kigodoro chake cha kufanyia mazoezi. Tulipiga hema bondeni karibu na kijito ili tukwepe upepo, tukafunga zipu zote. Yeye alilala fofofo, mimi nilitetemeka hadi alfajiri. Kulipokucha, blanketi lilikuwa limelowa miguuni na matone yalining'inia kwenye dari ya hema, wakati mvua haikunyesha kabisa. Je, mwili wangu una tatizo? Au hema lilikuwa bovu? Halafu usiku nilitaka tuingize jiko la mkaa ndani, mwenzangu akakataa katakata mpaka tukanuniana. Nani alikuwa sahihi? Tunataka kurudi tena. Msomaji, Kihonda, Morogoro.

JIBU: Dada yangu, naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Rafiki yako alikuwa sahihi, na inawezekana kabisa kwamba kukataa kwake ndiko kulikowafanya mkaamka wote wawili.

Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, na ndani ya hema lililofungwa gesi hiyo haina pa kwenda. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta, inang'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo oksijeni inakosa nafasi na ubongo unaanza kuzimika. Watu wengi wanadhani hatari ni moshi. Wanasubiri mkaa ukolee, uwe mwekundu vizuri, moshi uishe, ndipo wanaingiza jiko ndani wakiamini sasa liko salama. Sivyo hata kidogo. Mkaa uliokolea bila moshi unaendelea kutoa gesi hiyo, tena saa nyingi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na mtu aliyeshinda akipanda kilima ataona ni uchovu tu. Atajilaza. Kuacha zipu wazi kidogo hakutoshi kuwaokoa, na kuliweka jiko kwenye kibaraza cha hema si salama pia, wala jiko la mtungi mdogo wa gesi. Jiko linabaki nje, chakula kinapikwa nje. Ikitokea siku moja mkamkuta mtu amelegea kwenye hema au chumba chenye jiko, mtoeni nje kwenye hewa safi kwanza, kisha mpelekeni hospitali akapewe oksijeni hata kama anasema amepata nafuu. Kwa hiyo mpigie simu mwenzako leo, mpatane.

Mwili wako hauna tatizo lolote. Hema nalo, kwa jinsi ulivyoeleza, lilikuwa zima.

Blanketi halina joto lake lenyewe. Joto linatoka mwilini mwako. Kazi ya blanketi ni kulizuia lisitoroke, na linafanya hivyo kwa hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi zake. Hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Sasa fikiria usiku ule: juu yako kulikuwa na masweta matatu na blanketi, vyote vimejaa hewa. Upande wa chini, uzito wa mwili wako ulikuwa umeyakandamiza masweta hayohayo mpaka hewa ikatoka, na chini yake kulikuwa na mkeka wa ukindu, ambao ni mwembamba na umeshikamana. Mgongo, makalio na mabega yako yalikuwa yamegusana na udongo wa Mgeta kwa kizuizi kidogo mno. Udongo ni mwingi kuliko wewe. Huwezi kuupasha ukatosheka. Utaunyonyesha joto usiku kucha, na kila ukijigeuza unaanza upya na kipande kingine kilichopoa.

Mwenzako alilalia sponji yenye vipovu vidogo vilivyozibwa, kila kimoja na hewa yake ndani. Uzito wake haukuweza kuitoa hewa ile. Ndiyo maana sweta moja na shuka la Kimasai vilimtosha au vilikaribia kumtosha.

Siku mkirudi, lijaribu hili mwenyewe. Ukishajilaza kama dakika ishirini, pitisha kiganja kati ya mgongo wako na ulichotandika. Pakiwa na ubaridi wa kama kigae cha bafuni, usiongeze nguo ya juu. Vua sweta moja ulitandike chini, au likunjie kiunoni na mabegani, kisha upime tena. Watu wengi ninaowaongoza milimani hushangaa wakiona kumpunguzia mtu nguo kunamwongezea joto, lakini kiganja chao wenyewe kinawaonyesha. Tena masweta matatu yaliyobana yana hasara nyingine: yanabana ile hewa unayoihitaji, na yakibana sana kwapani na viwikoni yanapunguza damu inayofika vidoleni.

Kwa nini baridi ilikuwa kali kiasi kile? Morogoro mjini ni kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huwa kwenye nyuzi 15 hivi. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi 6.5. Tuseme mlikuwa kwenye mita 1,700, ambayo kwa maeneo ya juu ya Nyandira si jambo la ajabu: hapo mmepoteza karibu nyuzi 8 zaidi ya mjini, yaani mmebakiwa na 7 au pungufu. Mtu anayetoka Kihonda na fulana saa nane mchana hawezi kuikumbuka hesabu hiyo, hasa safari yenyewe ikiwa imezaliwa kwenye meza ya chipsi.

Halafu mkashuka bondeni. Nawaelewa, upepo wa Uluguru unaweza kuinyanyua hema isiyofungwa vizuri. Lakini usiku usio na mawingu, ardhi ya mteremko inapoa haraka, inaipoza hewa iliyoigusa, na hewa baridi kwa kuwa ni nzito inateremka taratibu kufuata korongo hadi kwenye kibonde, inatuama hapo. Ndiyo maana ukungu wa alfajiri Mgeta unauona umelala mabondeni wakati migongo ya vilima imeshapata jua. Kupanda hata mita ishirini au thelathini tu kutoka kijitoni kungewapa nyuzi kadhaa za bure. Mahali ninapopapenda ni begani mwa kilima: si kileleni, ambako radi na upepo vinawatafuta, wala si bondeni, bali pale mteremko unapojilaza kidogo kabla ya kuendelea kupanda. Tazama na miti iliyo juu yenu. Mikaratusi hudondosha matawi makubwa bila kutoa taarifa, kwa hiyo msilale chini yake. Na mkague ardhi kama kuna njia ya siafu kabla ya kutandika chochote.

Matone sasa. Yalikuwa maji yenu. Kila pumzi inatoka na unyevu, na ngozi nayo inatoa. Watu wawili kwa usiku mzima wanaweza kutoa karibu nusu lita. Nailoni ya hema haipitishi hewa hiyo. Usiku usio na mawingu kitambaa cha hema kinapoa kuliko hata hewa inayokizunguka, kwa sababu kinamwaga joto lake angani moja kwa moja. Mvuke ukikigusa unageuka matone, kama umande unavyotokea majanini, na mlikuwa kando ya kijito ambako hewa ina unyevu tayari. Ukitazama vizuri utaona matone yanaanzia kwenye mishono na sehemu za chini karibu na miguu, ambako mara nyingi kitambaa kinainama mpaka kinagusa blanketi. Ndivyo lako lilivyolowa, na blanketi lililolowa linapoteza hewa yake kama lile lililokandamizwa.

Dawa yake watu hawaipendi: fungua. Acha kidirisha cha juu wazi, na mlangoni zipu iwe wazi kidogo kwa chini, hewa iingie huku itokee kule. Mtapoteza joto kidogo la hewa, lakini mtalala pakavu, na ukavu una thamani zaidi. Kava la mvua likazwe vizuri kwa kamba lisigusane na kitambaa cha ndani. Usifunike kichwa chako chote ndani ya blanketi ukipumulia humo. Vaa kofia ya sufu, uache pua na mdomo nje. Nguo zilizolowa jasho zikae nje ya chumba cha kulala.

Hilo la jasho lina uzito wake. Safari za kushtukiza zina kawaida ya kumkuta mtu na nguo moja tu, jinzi na fulana ya pamba, anapanda nazo, zinalowa, kisha analala nazo. Pamba ikilowa inakaa na maji muda mrefu na inakupoza mpaka mifupani. Ukiweza kubeba kitu kimoja tu cha ziada, beba fulana kavu, soksi kavu na suruali kavu kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, na usizivae mpaka muda wa kulala.

Sasa mkirudi mtandike nini? Kama mna kigodoro kimoja cha mazoezi, kilazeni kwa upana, si kwa urefu, kipite chini ya migongo na viuno vyenu wote wawili. Miguuni wekeni mabegi yaliyotolewa vitu. Mashuka na mablanketi yote yawe ya pamoja juu yenu. Miili miwili iliyosogeleana inapoteza joto dogo kuliko miwili iliyotengana, na kwa marafiki mlioshibana hakuna aibu hapo. Kama hamna kigodoro kabisa, piteni dukani mkaombe maboksi. Boksi la kawaida lina mawimbi katikati ya karatasi zake mbili, na mawimbi yale yamenasa hewa. Tabaka tatu za boksi juu ya turubai, kisha mkeka, ni bora kuliko blanketi la pili la kujifunika. Shambani kwa shangazi kuna jambo bora zaidi: ombeni sandarusi mbili, mzijaze majani makavu ya migomba au ya mahindi, mzishone mdomo. Mkilala kwenye ardhi ya hifadhi msikate wala msikusanye majani; huko mnahitaji kwanza kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na ofisi yao ipo Morogoro.

Kuleni kabla ya kulala, chakula cha kushiba, na karanga ziwe karibu na mkono. Mwili unachoma chakula ili kutoa joto. Mkojo usiubane, tokeni mkamalize, mtalala vizuri zaidi. Pombe kali inadanganya: inafungua mishipa ya ngozi, unahisi moto, kumbe joto la ndani linatoka nje. Badala yake chemsheni maji, myatie kwenye chupa ya chuma isiyo na kuta mbili, muivishe soksi na kuiweka kati ya mapaja. Chupa ya maji ya dukani inajikunja kwa maji ya moto na inaweza kukuunguza, na chupa ya chai haitasaidia kwa kuwa imetengenezwa isitoe joto.

Kutetemeka kwako kulikuwa kazi ya mwili unaojipasha, na haikuwa dalili mbaya yenyewe. Ninachoomba mkijue ni kinachofuata baada yake: vidole kushindwa kufunga zipu, maneno kuburuzika, mtu kujibu mambo yasiyoulizwa. Na mtu akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, hapo hali imekuwa mbaya. Mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mtandikieni vya kutosha chini, mjifunike naye, mpeni chai ya sukari kama anameza vizuri, na mtafute msaada bila kusubiri kuche. Ndiyo maana, hata safari ikiamuliwa ndani ya dakika tano, mtu mmoja mjini lazima ajue mko kilima gani na mnarudi lini.

Mwisho, najua mtashawishika kununua mfuko wa kulalia. Kwenye mitumba huwa inapatikana mizuri. Soma lebo. Iliyopimwa kwa kiwango cha ISO 23537 huwa na namba tatu za joto. Wauzaji hutaja ile ya chini kabisa, ambayo ni ya kunusurika tu, si ya kulala. Ya kwanza, iliyo kubwa, ndiyo ya kulala kwa raha na imekadiriwa kwa mwili wa mwanamke, kwa hiyo hiyo ndiyo yako: kwa Mgeta mwezi wa saba tafuta inayosoma nyuzi 5 au pungufu. Na namba zote hizo zimepimwa mfuko ukiwa juu ya kigodoro.